Ziwa Viktoria, Diani au Paje: mtu wa Uganda anayetaka kucheza kaiti aanzie wapi?

Kwa nini mtu asafiri zaidi ya kilomita elfu moja kufuata bahari, ilhali Entebbe ipo mwendo wa saa moja hivi kutoka Kampala na maji yake hayaonekani mwisho? Swali ni la haki. Ziwa Viktoria lina kilomita za mraba 68,800 hivi, fukwe za mchanga zipo, na mchana upepo haukosekani. Hata hivyo, kwa anayejifunza mchezo wa kaiti ziwa ni gumu kuliko bahari, na ugumu huo hauonekani ukiwa umesimama ufukweni na soda mkononi. Anayejua tayari kubisha, yaani kukata upepo akarudi pale alipoondokea, na anayeweza kujiokoa kaiti ikianguka mbali, anaweza kulifikiria ziwa kwa masharti. Wengine wote waanzie Diani, kusini mwa Mombasa, au Paje, pwani ya mashariki ya Unguja. Kuchagua kati ya hizo mbili kunategemea mwezi wa kalenda, mwezi wa angani, na hati ya kusafiria uliyo nayo.

Kwa ambaye bado hajauona mchezo huu: kaiti ni kishada kikubwa cha kitambaa chenye mirija inayojazwa hewa kwa pampu. Za kawaida zina mita za mraba 7 hadi 14. Kamba nne au tano, za mita 20 hadi 24, zinaiunganisha na usukani unaoshikwa mikononi, na usukani unanasa kwenye ndoano ya mkanda mpana wa kiunoni. Mchezaji husimama juu ya ubao na kuvutwa. Juu ya usukani, karibu na ndoano, kuna kifyatuo cha dharura: ukikisukuma, kaiti inabaki imeshikwa na kamba moja tu, inapinduka na kupoteza nguvu. Kifyatuo cha pili kipo kwenye kamba ya usalama, na hicho huiachia kaiti iende zake. Kabla ya kuingia majini popote pale, jaribu vyote viwili ukiwa nchi kavu. Mchanga na chumvi huvigandisha.

Upepo

Pwani ya Afrika Mashariki ina bahati ya pepo mbili zenye ratiba. Kusi hutoka kusini-mashariki na hutulia vizuri kuanzia Juni hadi Septemba, mara nyingi ikivuma noti 15 hadi 20. Kaskazi hutoka kaskazini-mashariki kuanzia katikati ya Desemba hadi mapema Machi. Hiyo ni nyepesi kidogo, noti 12 hadi 18, na hupata nguvu kuanzia saa sita mchana. Noti moja ni kilomita 1.85 kwa saa, kwa hiyo noti 15 ni kama kilomita 28 kwa saa. Miezi ya katikati haina uhakika. Aprili na Mei ni masika, na Novemba mtu anaweza kukaa wiki nzima akihesabu minazi.

Diani na Paje zote zinatazama mashariki. Kwa hiyo Kusi huja kutoka ubavu wa kulia wa mtu anayetazama bahari na Kaskazi kutoka kushoto, na zote mbili zikielekea kidogo nchi kavu. Huo ndio mwelekeo unaotakiwa. Upepo wa ubavuni unakuwezesha kwenda na kurudi sambamba na ufukwe, na ule mwelekeo mdogo wa kuingia nchi kavu unahakikisha kwamba ukishindwa, maji yatakurudisha mchangani.

Ziwani mambo yanaendeshwa na tofauti ya joto. Mchana nchi kavu hupata moto kuliko maji, hewa juu yake hupanda, na hewa ya ziwani huingia kuziba pengo. Kwenye mwambao wa kaskazini, yaani Entebbe, Mukono na pande za Kampala, upepo huo hutoka kusini. Huanza saa tano au saa sita, hufika kilele kati ya saa nane na saa kumi, kisha hufifia jua likielekea kuzama. Siku ya kawaida ni mwepesi, mara nyingi chini ya noti 12, na hizo hazitoshi kumwinua mwanafunzi juu ya ubao wa kawaida. Kati ya Juni na Agosti pepo za kusini-mashariki huusukuma ukawa na nguvu zaidi, na wavuvi hulalamikia mawimbi ya miezi hiyo. Kama kuna msimu wa kaiti ziwani, ni huo.

Tatizo la pili ni mahali upepo unapogonga. Ufukwe wa Entebbe unaotazama kusini huupokea usoni moja kwa moja. Mwanafunzi hawezi kutoka. Kila akijaribu anarudishwa kwenye maji ya magotini, na kaiti inaning'inia juu ya ukuta wa hoteli, nyaya za umeme au waogeleaji. Ufukwe unaotazama mashariki huupata ubavuni, lakini ukiwa umevunjwavunjwa na miti na majengo ya rasi. Kama kanuni, kizuizi huvuruga upepo upande wa demani, kule unakoelekea, kwa umbali wa mara 7 hadi 10 ya urefu wake. Mti wa mita 15 unakuharibia mita 100 hadi 150. Ndani ya eneo hilo kaiti hukosa upepo ghafla, kamba zinalegea, kisha upepo unarudi na kuinyakua kwa mshtuko. Ghuba ya Lutoboka huko Ssese, ambako meli ya MV Kalangala hutia nanga, ni nzuri kwa macho na kwa kuogelea, lakini iko upande wa kaskazini wa kisiwa cha Bugala, na mgongoni mwake kuna kilima na msitu. Upepo wa kusini hufika pale ukiwa umechanika, tena ukielekea ziwani. Kwa kaiti ni mahali pa kupaacha.

Kaiti ya ukubwa gani?

Hapa wengi wanaotoka pwani na vifaa vyao hushangaa. Uso wa Ziwa Viktoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kwa karibu asilimia 11 kuliko ya Diani. Mvuto wa kaiti unafuata uzito wa hewa, eneo la kaiti, na mwendo wa upepo uliozidishwa kwa wenyewe. Ili upate mvuto uleule kwa upepo uleule, ongeza eneo kwa kama asilimia 12. Anayetumia mita 9 Paje atahitaji mita 10 Entebbe, na wa mita 12 atataka 13 au 14.

Pa kuanzia hesabu: chukua uzito wako kwa kilo, gawanya kwa noti za upepo, zidisha kwa 2.2. Mtu wa kilo 75 katika noti 18 anapata mita 9. Katika noti 12 anapata karibu 14, na ziwani hesabu hiyo inapanda hadi 15 na ushee, kaiti ambayo wengi hawana. Mwanafunzi apunguze mita moja au mbili, kwa kuwa hana haja ya mwendo. Haja yake ni muda wa kufikiri.

Kile kipengele cha mwendo unaozidishwa kwa wenyewe ndicho kinachoua. Upepo ukitoka noti 12 kufika 24, mvuto haujawa mara mbili. Umekuwa mara nne. Ukifika noti 36 ni mara tisa. Mtu aliyechagua kaiti ya mita 14 kwa sababu upepo wa ziwa ni mwepesi amejifunga kwenye kitu ambacho dhoruba ikifika kinaweza kumnyanyua kutoka majini na kumtupa juu ya miti.

Kuna wanaopendekeza ubao wa hidrofoili, ule wenye mguu mrefu na mabawa chini ya maji, maana unaelea hata kwa noti 8 hadi 10. Kwa upepo wa ziwa ni wazo la maana, ila mguu wake wa sentimita 70 hadi 90 hunasa kila kitu: gugu maji, nyavu, kamba za ndoano. Ni kifaa cha mtaalamu aliyekwisha kulikagua eneo kwa boti.

Maji: kupwa na kujaa upande mmoja, kichocho upande wa pili

Ziwa halina maji kupwa wala kujaa ya kumsumbua mtu. Unalolikuta asubuhi ndilo la jioni. Pwani ni kinyume. Wakati wa bamvua, siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti kati ya maji makuu na maji madogo hufika mita 4 hivi. Wakati wa maji mafu, siku saba baadaye, tofauti hupungua sana. Mpangilio wake unasaidia kukumbuka: siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Jedwali la maji la Kilindini au la Zanzibar lichukuliwe kabla ya kulipia tiketi.

Kwa nini lina uzito kiasi hicho? Kwa sababu fukwe hizi mbili hujibu maji tofauti. Paje ni tambarare pana ya mchanga iliyozibwa na mwamba ulio mbali. Maji ya katikati hukupa eneo kubwa la maji ya kiunoni, tulivu na yenye mchanga chini, na kwa mwanafunzi ni vigumu kupata pazuri zaidi katika pwani hii. Asubuhi ya bamvua eneo hilohilo linakuwa uwanja wa kutembea: maji yamekimbia mbali, na yanapobaki ni ya kifundo cha mguu. Ukianguka kwa kasi kwenye maji ya kina hicho unavunjika kifundo au bega. Karibu na mwamba kuna wale viumbe wa mviringo wenye miiba mirefu myeusi, na mwiba wao hukatikia ndani ya ngozi. Viatu vya majini ni lazima. Kuna pia mashamba ya mwani, yaani vijiti vilivyopigwa mchangani na kamba zilizotandwa kati yake. Wanawake wa kijiji wanaishi kwa kazi hiyo. Ukikokota kaiti juu ya kamba zao umeharibu riziki ya mtu, na huenda umejifunga mguu vilevile. Maji yakijaa vijiti havionekani, kwa hiyo muulize mwalimu mipaka ya mashamba wakati maji yamepwa na unayaona.

Diani, hasa upande wa Galu, mwamba uko karibu zaidi, na maji yakijaa huwa na kina kuliko Paje. Hatari yake iko kwenye kurusha na kutua. Jioni ya bamvua bahari hula ufukwe hadi karibu na kuta na minazi, saa zilezile ambazo upepo umekolea. Mtu anayerusha kaiti akiwa na mita 10 za mchanga nyuma yake hana nafasi ya kosa. Kosa la kawaida ni kamba zilizounganishwa kinyume: kaiti hupaa, hugeuka yenyewe na kujitupa demani, na mchezaji hufuata. Nafasi tupu unayohitaji demani ni mara mbili ya urefu wa kamba zako, yaani mita 50 hivi. Isipopatikana, subiri maji yapwe. Hapo Paje inaishinda Diani waziwazi.

Jambo jingine la pwani ambalo mtu wa ziwa halijui: maji yanapopwa, yale yote yaliyo ndani ya mwamba hutafuta njia ya kutoka, na njia hiyo ni mlango, ule mwanya kwenye mwamba ambamo ngalawa hupita. Mkondo wake unaweza kumshinda mwogeleaji hodari. Usichezee karibu na mlango maji yakiwa yanatoka, hata kama ndipo maji yanapopendeza zaidi.

Sasa ziwa. Maji baridi hukuelesha kidogo kuliko ya chumvi, kama asilimia 2.5, tofauti ndogo ambayo aliyechoka huihisi. Mawimbi ni mafupi, yamekaribiana, yanapiga usoni unapojaribu kuvaa ubao. Kiboko na mamba wapo, na wavuvi wa mwalo wowote watakueleza ni ghuba ipi ya kuepuka. Waulize, na uwaamini. Nyavu za sangara, anayeitwa mputa huku kwetu, huonekana kwa vipande vya jerikani vinavyoelea, lakini kamba ndefu za ndoano hazionekani kabisa.

Halafu kichocho. Kimelea chake hutoka kwenye konokono wadogo wanaopenda maji tulivu ya kina kifupi yenye mimea, na hupenya ngozi kwa dakika chache bila kidonda. Hutoka kwa wingi jua linapokuwa juu, kuanzia mwishoni mwa asubuhi hadi adhuhuri. Ukilinganisha na ratiba ya mwanafunzi wa kaiti, ambaye husimama saa nzima kwenye maji ya kiunoni akijifunza kuinua kaiti iliyoanguka, utaona kwamba hakuna mchezo wa majini unaomkaribisha mdudu huyu vizuri kuliko huu. Nguo ya majini ya mikono mirefu hupunguza tu. Anayecheza mbali na mwambao, kwenye mawimbi, yuko kwenye hatari ndogo zaidi, ila lazima apite maji ya kina kifupi akitoka na akirudi. Nenda kituo cha afya upimwe wiki sita au zaidi baada ya kuingia majini, usiwahi kabla: dawa ya prazikwanteli, ambayo kwa kawaida hutolewa kwa miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili, haiui minyoo ambayo bado ni michanga. Bahari ya Diani na Paje haina kichocho.

Dhoruba

Kama ungesoma sehemu moja tu ya makala hii, iwe hii.

Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko ziwa. Hewa baridi kutoka Uganda, Kenya na Tanzania huteremka kuelekea majini, hukutana juu ya ziwa, hupanda na kuzaa mawingu ya radi. Ndiyo maana dhoruba kubwa za ziwani ni za usiku na alfajiri, na mabaki yake huweza kuipiga Entebbe hadi saa tatu asubuhi. Makadirio ambayo Shirika la Hali ya Hewa Duniani limeyataja ni vifo 3,000 hadi 5,000 kwa mwaka katika ziwa hili, wengi wao wavuvi. Tarehe 24 Novemba 2018 boti ya starehe ya MV Templar ilizama karibu na mwambao wa Mukono, na zaidi ya watu 30 wakafa wakiwa wanaiona nchi kavu.

Mchana mawingu hujengeka upande wa pili, juu ya nchi kavu, na huo ndio mtego wa mchezaji wa kaiti. Yeye anacheza na upepo wa kusini, macho yake yako ziwani, na ziwa liko jeupe. Wingu linakua mgongoni mwake, juu ya Wakiso au Kampala. Linapoanza kumwaga mvua, hewa baridi huanguka pamoja nayo, hugonga ardhi na kutawanyika pande zote, ikiwemo kuelekea ziwani. Kwanza upepo wa kusini unakufa ghafla na kaiti inalegea. Dakika chache baadaye unakuja upepo wa kaskazini wenye ubaridi na harufu ya mvua, ukipanda kutoka noti 5 hadi 30 na zaidi. Sasa unavuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani, na mchezaji anapelekwa katikati ya maji, huku radi zikipiga na yeye akiwa ameshika kamba za mita 24 zilizolowa.

Kwa hiyo ziwani upepo kufa si mapumziko. Ni amri ya kutoka. Geuka utazame nchi kavu kila dakika tano. Ukiona wingu lenye kitako cheusi na kichwa kinachopanda kama koliflawa, shuka. Ukisikia ngurumo hata moja ya mbali, shusha kaiti, ikunje, usiirushe tena mpaka zipite dakika 30 bila ngurumo. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Uganda usomwe asubuhi, na miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Desemba, ni ya kukaa nyumbani.

Pwani nako mvua hutokea. Wingu la mvua ya Kusi huja na upepo wa ghafla unaoweza kuongeza noti 10. Tofauti ni kwamba huja kutoka bahari kuu, mbele ya macho yako, na hukusukuma kuelekea ufukweni. Unapata dakika kumi hadi ishirini za kuliona likija, na likikukuta, linakupeleka nyumbani.

Ukianguka mbali, nani atakuja?

Paje na Galu zina shule zenye walimu waliothibitishwa na shirika la kimataifa la mchezo huu, IKO, na nyingi zina boti ya uokoaji au makubaliano na mwenye boti. Usitosheke na tangazo. Uliza boti iko wapi sasa hivi, nani anaiendesha, na kama ina mafuta. Uliza pia mwalimu mmoja ana wanafunzi wangapi majini. Wawili ni sawa, wanne ni wengi mno. Kubali kufundishwa kwa saa 9 hadi 12, na tenga siku saba kwa sababu upepo utakosekana siku mbili. Julai na Agosti eneo la Paje hujaa, na kugongana ndiko hutokea zaidi kuliko kupotea. Jifunze kanuni kabla ya kufika: mnapokutana, mwenye mkono wa kulia mbele ana haki ya njia, mmoja akiwa joshini, kule upepo utokako, huinua kaiti yake juu, na aliye demani huishusha chini, ili kamba zisipishane.

Ziwani hakuna mtu anayekungoja. Polisi wa majini wapo, wavuvi wapo, lakini hakuna anayejua kwamba uko nje isipokuwa umemwambia. Mkodi mwenye boti yenye injini kabla ya kurusha, mlipe kwa muda anaokaa akikutazama, si kwa safari, na mkubaliane ishara ya mkono. Wajulishe pia askari wanaolinda uvuvi na wakuu wa mwalo. Kaiti nyekundu ya mita 12 inayotokea ghafla si kitu cha kawaida kwenye maji yenye doria. Entebbe ina jambo la ziada: uwanja wa ndege uko kwenye rasi ileile na Ikulu haiko mbali. Kitu kinachopaa mita 25 karibu na njia ya ndege kinahitaji ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na ruhusa hiyo iwe ya maandishi.

Kujiokoa mwenyewe kunafundishwa kote, lakini pwani mara nyingi unaweza kusimama na kutembea. Ziwani ndiko utakakouhitaji ujuzi huo kweli. Sukuma kifyatuo cha dharura. Fuata kamba ya usalama mkono kwa mkono hadi ufike kwenye usukani. Zungushia kamba hiyo moja kwenye usukani mara kadhaa na uifunge ili kaiti isijirushe tena, kisha zungusha kamba zote pamoja ukisogea kuelekea kaiti. Kamwe usizungushie kamba kiganjani, maana upepo ukiishika kaiti unakata vidole. Ukifika, ipindue, usitoe hewa kwenye mrija wa mbele, lala juu yake na ushike ncha zote mbili ukizivuta pamoja: inakuwa tanga la kukupeleka demani. Ubao na heshima vinaweza kuachwa. Kaiti isiachwe, kwa kuwa ndilo boya lako, na boti itaiona kabla ya kukiona kichwa chako. Jaketi la kuelea na kofia ngumu viwe mwilini muda wote. Asiyeweza kuogelea mita 200 bila kugusa chini aanze na bwawa.

Hati na njia

Mwenye kitambulisho cha taifa cha Uganda anaingia Kenya nacho. Mabasi ya Kampala kwenda Mombasa hupitia Busia au Malaba, zaidi ya kilomita 1,100, kisha kivuko cha Likoni au barabara mpya ya Dongo Kundu hadi Diani. Paje inataka pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na ama ndege, ama basi la Mutukula hadi Dar es Salaam na boti ya saa mbili hivi hadi Unguja, halafu kilomita 50 za gari. Usifunge vifaa vyako kwa kavera: Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019.

Uamuzi wetu basi. Mwanafunzi mwenye pasipoti aende Paje, Julai au Januari, na achague siku ambazo jedwali linaonyesha maji ya katikati kati ya saa saba na saa kumi. Mwenye kitambulisho tu, au mwenye siku tano na bajeti ya basi, aende Diani, akwepe jioni za bamvua, na hatajuta. Anayetaka Ziwa Viktoria arudi nalo baada ya kuweza kubisha kwa saa nzima bila kupoteza ufukwe, aje Juni hadi Agosti, awe majini kati ya saa saba na saa kumi, asitoke nje zaidi ya mita 300, na awe ameshamlipa mwenye boti.